Kaizirege na Kemebos: shule ndugu za Bukoba na hesabu ya mzazi wa Nyarubungo

Shule za Kaizirege na Kemebos ziko Bukoba, lakini majina yake yamefika hadi Nyarubungo. Wapo wazazi wa Ngara na Biharamulo walio tayari kuuza ng'ombe ili mtoto akasome huko au kwenye shule nyingine kama hizo. Kabla ya kuuza, tuangalie shule hizi zilikotoka.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule za misheni chini ya Serikali. Ihungo ya Bukoba ni mojawapo. Seminari, kama Rubya, zilibaki kwa kanisa. Nafasi za sekondari zilikuwa chache, na watoto wengi waliofaulu darasa la saba walibaki nyumbani. Wazazi wa mikoa ya kahawa, Kagera na Kilimanjaro, wakawa mstari wa mbele kuchangishana na kujenga sekondari zao. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ikawafungulia mlango zaidi watu binafsi, na wenye uwezo wakaanza kumiliki shule mbili, tatu au zaidi.

Kuanzia 2004 Serikali ilijenga sekondari za kata kwa wingi. Januari 2016 ada ikafutwa hadi kidato cha nne. Nafasi haikuwa tena bidhaa adimu. Shule binafsi ikabaki na kitu kimoja cha kumvutia mzazi: ufaulu.

Hapo ndipo orodha ya shule kumi bora ilipopata nguvu. Katika matokeo ya kidato cha nne ya 2015, Kaizirege iliongoza nchi nzima, na shule tatu za Alliance za Mwanza zikaingia kwenye kumi hizo. Mwaka 2019 Kemebos ikashika namba moja. Kwa mwenye shule, hilo ni tangazo kuliko tangazo lolote la redioni.

Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora, likisema utaratibu huo hauna tija. Mzazi aliyezoea kufuata orodha sasa inambidi apime mwenyewe.

Orodha ile ilikuwa na upungufu mmoja mkubwa. Ilihesabu waliofanya mtihani, si walioanza safari. Tuseme shule fulani ina watoto 100 kidato cha pili, na wanaofika kidato cha nne ni 70. Wale 30 wako wapi? Huenda wamehama kwa kukosa ada. Huenda pia wameondolewa kwa kutofikia wastani wa shule, jambo ambalo Serikali imekwisha kulikataza. Hatusemi shule tulizozitaja hufanya hivyo. Tunasema mzazi aulize.

Na jibu unaweza kulitafuta kwa simu yako. Tovuti ya Baraza bado huweka matokeo ya kila shule. Fungua ya kidato cha pili, hesabu watahiniwa. Kisha fungua ya kidato cha nne ya miaka miwili baadaye, shule hiyo hiyo. Pengo likiwa kubwa, mwulize mkuu wa shule kabla hujalipa. Ng'ombe akishauzwa, ada ya muhula wa kwanza haimrudishi.