Gari la umeme likifika Kamina, litachaji wapi?

Fikiria msafiri anatoka Lubumbashi na gari la umeme, nyuma anakokota nyumba ndogo ya magurudumu ya kulalia safarini. Anapita Kolwezi, anataka kufika hapa Kamina. Gari ambalo peke yake lingekwenda kilomita 400, likivuta mzigo huo linabaki na karibu nusu. Kutoka Kolwezi hadi kwetu ni zaidi ya kilomita 200, na barabara munaijua.

Tuseme amefika. Tutamwonyesha vibanda vya kuchajia simu. Akipata prizi katika nyumba ya wageni, kwa kilowati 2 atangoja saa 30 ili kujaza betri ya kilowati-saa 60, kama umeme haukukatika. Akiweka paneli nne kubwa za jua juu ya paa, siku nzuri itampa kilowati-saa 8 hivi. Kwa mzigo wake, hazimfikishi kilomita 30.

Wengine watacheka. Mimi sicheki. Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, na nyingi inatoka Kolwezi, kwa jirani zetu. Tangu 1982, laini ya umeme ya Inga–Kolwezi, karibu kilomita 1.700, inapita juu ya vijiji visivyo na taa. Hata reli ya SNCC kutoka Lubumbashi hadi Kamina ilijengewa nyaya za treni za umeme. Kusafiri kwa umeme si jambo geni kwetu.

Kuna watakaosema: hospitali kwanza, mashine ya kusaga kwanza. Wana haki. Ndiyo maana sidai kituo cha watalii. Tuanze na manseba wetu wa taksi-moto. Betri ya pikipiki inabeba kama kilowati-saa 3: paneli zile zile nne zingejaza betri mbili kila siku. Kule Kigali, kampuni ya Ampersand inampa dereva betri iliyojaa, inachukua iliyoisha, naye anarudi kazini baada ya dakika chache.

Viongozi wa Haut-Lomami waanze na kituo kimoja cha jua, karibu na gare. Msafiri akipita, alipe kama wengine. La sivyo, betri za dunia zitaendelea kutengenezwa kwa madini yetu, na sisi tutaendelea kununua esansi kwenye chupa kando ya barabara.