Nimefuta Kilomita 340 za Nyaya na Sizirudishi

Wengi wenu mliona ile klipu yangu ya mwezi jana, treni ya umeme ikitoka milimani Montana hadi Tacoma, karibu na bahari ya Pasifiki, bila kubadilisha kichwa hata mara moja. Mliipenda, mkaishea, wengine mkaomba faili. Sasa wiki jana nimeingia kwa gemu nikang'oa nyaya zote kati ya Avery na Othello. Nguzo pia. Kilomita kama 340, usiku mmoja. Inboksi imejaa matusi, kwa hivyo wacha nijieleze mara moja tuendelee na maisha.

Kwa wale wamefika leo: hii ni reli ya kampuni ya Marekani iliyoitwa Milwaukee Road. Ilivuka Milima ya Rocky kuelekea Seattle na Tacoma, na njia ikakamilika 1909, wakati kampuni zingine zilikuwa zishafika huko kitambo. Mlima ukawatesa. Kichwa cha mvuke kikipigwa na baridi ya Montana kinapoteza nguvu, moshi unajaa kwenye mahandaki, na cheche zinaangukia msitu mkavu. Lakini eneo hilohilo lilikuwa na maporomoko ya maji ya kuzalisha umeme na migodi mikubwa ya shaba. Wakaanza kutundika nyaya 1914. Kufika mwisho wa 1916 treni zilikuwa zinaenda kwa stima kutoka Harlowton, Montana, hadi Avery, Idaho, kilomita 705 hivi. SGR yetu ya Mombasa hadi Nairobi ni kama 470, na ni ya dizeli. Hao ni watu wa 1916!

Kipande cha pili, Othello hadi Tacoma, kikapata umeme 1920. Katikati hapo, kutoka Avery hadi Othello, hawakuweka. Pengo likabaki mpaka siku ya mwisho.

Hilo pengo ndilo nililijaza kwa gemu.

Ilikuwa rahisi sana, na hapo ndipo shida ilianzia. Kujenga njia yenyewe ilinichukua miezi. Data ya urefu wa ardhi ni ya bure, ramani za zamani ziko, na kwa picha za setilaiti bado unaona tuta la reli likijipinda msituni ingawa vyuma viliondolewa zamani. Nilikuwa nafuata hilo tuta kona kwa kona kwa laptopu ya mtumba inayopiga kelele kama posho mili. Stima ilipotea mara mbili kabla sijasevu, na mara moja nikapoteza usiku mzima wa kazi kwenye madaraja ya Idaho. Mathe akawa ananiuliza asubuhi, "Hiyo treni yako haijafika tu?" Haijafika, mathe.

Lakini nyaya? Nyaya unachagua, unaburuta, zinajitandaza zenyewe. Alasiri moja nikawa nimefanya kitu kampuni nzima ilishindwa kufanya kwa zaidi ya miaka 50. Nikajisikia mjanja. Klipu nikaipa kichwa "Kama Wangekuwa na Akili".

Halafu mfuasi mmoja, kijana mdogo hivi, akaniandikia: "Sasa kama ilikuwa poa hivi, mbona waliing'oa? Walikuwa wajinga tu?"

Nilianza kumjibu nikakwama. Kwa reli niliyokuwa nimejenga mimi, jibu pekee ni hilo, kwamba walikuwa wajinga. Treni inatoka Harlowton, inapanda, inashuka, inafika pwani, hakuna mahali inasumbuka. Mtu akiicheza hawezi kuelewa kwa nini mnamo Juni 1974 umeme ulizimwa kule milimani. Nilikuwa nimefuta sababu, nikawaachia nyinyi mandhari.

Fikiria vile ilikuwa hasa. Treni ya mizigo inafika Avery, kamji kadogo kwenye bonde la mto St. Joe. Kichwa cha umeme kinatolewa. Kinaletwa cha mvuke, au miaka ya baadaye cha dizeli, ndio safari iendelee. Kwa hivyo unahitaji vichwa vya aina mbili, mafundi wa aina mbili, vipuri vya aina mbili. Vichwa vya umeme vya upande huu vimefungiwa upande huu. Mzigo ukizidi kule pwani na huku vichwa vimelala, pole, huwezi kuvipeleka kwa nguvu zao wenyewe. Dizeli nayo inapita popote, iwe kuna waya au hakuna. Sasa weka mhasibu wa miaka ya 1970 mbele ya hiyo hesabu, kampuni haina pesa, vifaa vingine vina karibu miaka 60, na juu yake kuna shaba inaning'inia kwa mamia ya kilomita ikingoja kuuzwa kama chuma chakavu. Utaelewa alichoamua hata kama hukubaliani naye.

Mimi sikubaliani naye. Walitangaza Februari 1973 kwamba umeme unaondolewa. Oktoba mwaka huohuo nchi za Kiarabu zikakata mafuta kwa Marekani na bei ikapanda vibaya. Walikuwa na miezi mizima ya kubadilisha nia, na wakaendelea kushusha nyaya. Kufika Desemba 1977 kampuni ilikuwa imefilisika, na 1980 wakaiacha kabisa njia ya magharibi. Wengine wanasema ingekufa tu hata na umeme, na labda ni kweli. Lakini huo ubishi huwezi kuanza kuuelewa bila kusimama Avery na kungoja kichwa kibadilishwe. Ndiyo maana pengo linarudi.

Najua hoja yenu. "Ni gemu, wacha watu wajienjoi." Sina neno na mtu anayetaka kuendesha treni ya ndoto. Jenga, iite ndoto, weka hata treni ya mwendo kasi ya Japani ipande Rocky, mimi nitakuja kuiona. Kilichonisumbua ni kwamba faili yangu ilikuwa imeandikwa "njia halisi". Kuna watu waliipakua wakiamini nyaya zilifika. Mmoja alikuwa ashaanza kubishana nao kwenye komenti za mtu mwingine, akinitaja mimi kama ushahidi. Aki hapo nilitamani ardhi inimeze.

Na nikiwa hapo hapo kwa ukweli, niseme lingine ambalo klipu zangu zimeficha. Kwa gemu ninayotumia, waya ni pambo. Umeme unatoka hewani, hauishi. Hicho ndicho kitu kinaniuma zaidi, kwa sababu ujanja wote wa hii reli ulikuwa ndani ya waya. Kulikuwa na vituo 14 kwenye kipande cha Rocky pekee, kila kimoja kikipokea umeme wa volti 100,000 na kuugeuza kuwa wa DC wa volti 3,000. Treni ikishuka mlima, mota zake zilikuwa zinageuka kuwa jenereta. Zinazuia mwendo, na umeme unaozalishwa unarudi kwa waya kumsaidia mwenzake anayepanda. Ukibaki, unarudi kwa mtandao wa kampuni ya umeme. Leo watu wanaona hii teknolojia kwa gari la umeme wanadhani ilivumbuliwa juzi.

Kwa gemu nashuka Pipestone Pass, mita 2 chini kwa kila mita 100, nakanyaga breki ya mota, mwendo unapungua vizuri, lakini hakuna anayepata huo umeme. Unapotea tu. Nimeanza kuandika kwa daftari: treni hii inashuka saa ngapi, ile inapanda saa ngapi, nani angemsaidia nani. Ni upuzi, najua. Ila nimejifunza kupanga ratiba ya treni mbili kuliko nilivyowahi kujifunza kitu chochote cha fizikia darasani.

Kuna wale pia huniuliza mbona nisijenge reli ya kwetu. Swali ni fea. Natamani sana kujenga ule mteremko wa Kikuyu, mahali Waingereza walishusha mabehewa kwa kamba kuelekea Bonde la Ufa kabla njia kamili kukamilika. Lakini sitaki kurudia kosa hili. Nikiijenga nataka michoro, vipimo vya mteremko, picha. Nikikosa vipimo sitabahatisha halafu niiite halisi. Kama babu ya mtu alifanya kazi relini na ana picha au makaratasi, niandikieni. Na mkitaka kubishana kuhusu dizeli na stima, Tanzania washaanza kubeba abiria kwa treni ya umeme tangu 2024, kwa hivyo huo ubishi hauko Montana peke yake.

Hii ndiyo faili mpya. Upande wa Montana umeongezewa Little Joe, vile vichwa vilivyotengenezwa kwa ajili ya Muungano wa Sovieti, vikazuiwa kupelekwa uhasama ulipozidi, na Milwaukee Road ikanunua 12 mwaka 1950. Jina ni la Stalin, mzaha wa Wamarekani. Kimoja bado kipo Deer Lodge, Montana, kama kumbukumbu. Handaki la St. Paul Pass nalo limekaa vile lilivyo, kama kilomita 2.7 za giza. Siku hizi watu wanalipita kwa baiskeli, lakini kwa faili yangu reli bado iko.

Ukitoka hapo unashuka polepole hadi Avery. Simamisha treni, shusha pantografu, toa kichwa. Kuna dizeli mbili zinakungoja kwenye njia ya pembeni. Kuunganisha kunachukua muda na hakuna kitufe cha kuruka. Msiniombe nikiweke.