Jumla Niliyoikosea

Nilimpokonya kijana ushindi wake nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki, katika uwanja mmoja hapa Maruku, jioni ya kiangazi. Sikuhongwa. Sikuwa na chuki naye. Nilikosea tu kuandika jumla.

Lilikuwa pambano la ngumi za ridhaa, raundi 3, majaji 3. Nilipewa kiti kile kwa sababu nilikuwa nimehudhuria mafunzo ya siku moja, na kwa sababu watu waliamini mwenye digrii hawezi kushindwa kujumlisha. Raundi ya kwanza nilimpa kijana wa kona ya bluu, 10 kwa 9. Ya pili nikampa wa kona nyekundu. Ya tatu nikarudi kwa bluu. Hiyo ni 29 kwa 28. Lakini kwenye mstari wa chini nikaandika 28 upande wa bluu na 29 upande wa nyekundu. Majaji wenzangu walikuwa wamegawanyika, mmoja huku, mmoja kule. Karatasi yangu ndiyo iliyoamua. Refa akainua mkono wa nyekundu.

Usiku nilitazama picha ya karatasi ile, niliyoipiga kwa simu kabla ya kuikabidhi, nikaliona kosa. Asubuhi nikamfuata msimamizi. Aliitazama picha mara mbili, akanirudishia simu.

“Mwalimu, mshindi ameshatangazwa. Uamuzi wa majaji ni wa mwisho.”

“Jaji mwenyewe ni mimi, mzee. Na mimi nasema nilikosea.”

Akacheka kwa upole. “Basi tutawaandalia la marudiano.”

La marudiano halikufanyika. Aliyetangazwa aliingia kwenye timu. Mwenzake alirudi kwenye migomba ya baba yake, na mazoezini hakuonekana tena.

Tangu siku hiyo nina ugomvi na sentensi ile, “uamuzi wa majaji ni wa mwisho.” Ina ukweli nusu. Majaji wawili wanaweza kutazama raundi moja na kuona mambo mawili, kwa sababu mmoja anapenda anayeshambulia na mwingine anapenda anayekwepa na kujibu. Tofauti hiyo ya macho hatuwezi kuikatia rufaa kila siku, la sivyo hakuna pambano litakaloisha. Lakini jumla iliyokosewa si suala la macho. Kanuni iliyovunjwa si suala la macho. Jaji aliyempigia kura mpwa wake si suala la macho pia. Sisi tunayafungia yote katika gunia moja, tunalifunga kamba, kisha tunaliita heshima kwa majaji.

Utaniambia haya ni mambo ya vijijini. Sivyo. Katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, Roy Jones wa Marekani alipigana fainali na Park Si-hun wa Korea Kusini. Hesabu ya televisheni ya Marekani ilionyesha Jones amefikisha ngumi 86, Park 32. Majaji wakampa Park, 3 kwa 2. Jones akapewa tuzo ya bondia bora wa michezo yote ile, lakini medali ikabaki ya fedha. Mwaka 1997 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilisema haikupata ushahidi wa rushwa, na matokeo yakabaki yalivyo. Mwaka 2023 Park mwenyewe alisafiri hadi Marekani akamkabidhi Jones ile dhahabu. Ilibidi aliyetangazwa mshindi atende haki ambayo taasisi ilishindwa kuitenda kwa miaka 35.

Wapo wanaosema, “Ukitaka haki, mwangushe.” Kweli, katika michezo ileile ya Seoul, Robert Wangila wa Kenya alipata dhahabu kwa kumwangusha mpinzani wake raundi ya pili, akawaondolea majaji kazi. Lakini ngumi za ridhaa ni mchezo wa alama. Kumwambia kijana wa miaka 17 kwamba usalama wa ushindi wake ni kumzimisha mwenzake ni kumfundisha ukatili ili kufunika uzembe wetu.

Wengine wanaogopa kwamba kila aliyeshindwa atakata rufaa. Mieleka ya kimataifa imeshalijibu hilo. Kocha asiyeridhika hurusha kidubwana laini ulingoni kuomba video itazamwe. Akionekana hana hoja, mpinzani anaongezewa alama moja. Anayejua kulalamika kuna gharama hulalamika kwa kufikiri.

Sisi hatuna video, lakini tuna karatasi na kalamu. Kila karatasi ya jaji ibandikwe ukutani, na jina lake, mara tu pambano linapoisha. Kocha apewe nusu saa kuandika malalamiko, aweke kiasi kidogo cha fedha kitakachorudishwa akithibitika kusema kweli. Kosa la jumla au la kanuni lirekebishwe palepale, hata kama mkono umeshainuliwa. Na asikilize mtu ambaye hakutoa alama wala hana bondia katika mashindano.

Hili la mwisho wazee wa Kagera wanalielewa vizuri. Novemba 1978, majeshi ya Idi Amin yakiwa yamevamia mkoa wetu, Amin, aliyewahi kuwa bingwa wa ngumi Uganda, alipendekeza kwa kejeli kwamba yeye na Nyerere wamalize ugomvi ulingoni, Muhammad Ali awe refa. Hata katika mzaha ule, mvamizi alijua refa hatoki katika kona yoyote. Hapa kwetu anayesikiliza malalamiko mara nyingi ndiye aliyeandaa mashindano na ndiye kocha wa mmoja wao.

Na marudiano si haki. Ukinilipa mshahara pungufu kwa kosa la hesabu, huniambii nifanye kazi mwezi mwingine ili tuone. Unanilipa kilichopungua.

Nimeandika barua kukiri kosa langu, nimeambatisha picha ile, na nakala nimempelekea kijana mwenyewe shambani. Aliisoma amesimama, akaikunja, akaitia mfukoni, akaniuliza kama mwingine anaijua. Nikamwambia bado. Mwezi ujao kuna mashindano tena na nimeitwa kukaa kwenye kiti kilekile. Nimejibu kwamba nitakaa siku karatasi zitakapobandikwa ukutani, yangu ikiwa ya kwanza.