Joto la sebule ya Butembo
Baridi ya Butembo, mashariki mwa Kongo, haitokani na majira ya kipupwe kama ya Ulaya, kwa kuwa mji huo uko karibu mno na ikweta, bali na mwinuko wake unaopita mita 1,500, kwani joto la hewa hupungua kwa takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Ndiyo maana mji wa Beni, ulio chini zaidi, hauna ubaridi kama huo. Nyumba ya bati isiyo na dari hupoteza joto upesi usiku, hivyo pambo lenye manufaa huanzia juu, kwa dari ya mbao au ya mikeka, kisha hufuata rido, yaani mapazia mazito yanayofika sakafuni, na jamvi juu ya saruji. Vitambaa vilivyofumwa kwa mkono vya kufunikia viti hupendeza macho, ila havizuii baridi. Mbabula, yaani jiko la makala, isiletwe ndani ya chumba kilichofungwa, kwa sababu hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, huua waliolala. Anayejenga leo na aanze na dari, mapambo yafuate.