RUFANI HAIZUII DALALI



Mwenzetu mmoja alishindwa kortini, akaamriwa kuhama nyumba. Alisema, "Nitakata rufani," akarudi kazini na moyo mtulivu. Siku ya ishirini dalali alifika na lori. Vitanda vilitolewa nje, watoto wakitazama.

Sisi watu wa reli twajua kwamba tikiti ya abiria haisimamishi gari la moshi. Bendera nyekundu ndiyo isimamishayo. Rufani ni tikiti tu.

Kanuni za Kesi za Madai za mwaka 2010 zasema wazi, katika Agizo la 42, kwamba rufani peke yake haizuii amri kutekelezwa. Tena Agizo la 43 lasema ziko amri zisizokatiwa rufani bila ruhusa. Ruhusa hiyo huombwa kwanza katika korti ile ile iliyotoa amri, kwa mdomo papo hapo, au ndani ya siku 14. Mwenzetu alizipoteza siku zote hizo.

Basi maoni yetu ni haya. Wakili anayelipwa kwa ada zetu asitoke kortini kabla ya kuomba mambo mawili: ruhusa ya rufani, na amri isimamishwe. Lakini mwombaji hutakiwa aonyeshe kwamba atapata hasara kubwa, asichelewe, tena atoe dhamana. Kibarua ataitoa wapi? Hapo ndipo chama kiweke akiba.

Tulizungumze jambo hili katika mkutano wa tawi, kabla lori halijafika kwa mwingine.