Paa Fupi, Dereva Mrefu: Nani Aliyeupima Mwili wa Mtanzania?

Katika nchi yetu tumezoea kuzungumzia ajali kwa maneno mawili: mwendokasi na uzembe. Maneno hayo si ya uongo, lakini yana faida moja kwa wenye mamlaka, nayo ni kwamba humtupia dereva lawama yote na kuliacha gari lenyewe bila swali. Leo nauliza swali ambalo wengi watalicheka: dereva mrefu anaonaje njia akiwa ndani ya gari dogo?

Anayecheka na apande Milima ya Upare. Kutoka Same mjini kuelekea Mwembe na Mbaga, au kutoka Makanya kupanda Suji, barabara haikwendi moja kwa moja. Inajikunja, inapanda, inajikunja tena, upande mmja ukuta wa mlima na upande wa pili bonde. Kilele cha Shengena kiko zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na vijiji vingi vimejishikiza katika miteremko iliyo chini yake. Katika njia kama hizo dereva hahitaji kuona mbele tu. Anahitaji kuona juu, kwenye kona anayoiendea, kabla lori la mbao au la tangawizi halijamtokea.

Sasa mweke hapo mtu wa sentimita 190. Macho yake yanakaribia ukingo wa juu wa kioo cha mbele. Gari linapoinua pua kupanda, kona ya juu inafichwa na paa. Kioo cha kutazamia nyuma, ambacho kwa mtu wa kimo cha kati kiko juu ya mstari wa macho, kwake kiko sawasawa na macho. Na kwa kuwa usukani wetu uko kulia, kioo hicho humfunika kona za kushoto. Akisogeza kiti nyuma ili magoti yapate nafasi, nguzo ya mlango inakuja kusimama ubavuni mwake na kumzibia njia panda. Akilaza kiti ili kichwa kisiguse paa, mikono inaufikia usukani kwa kunyooka na mkanda unaachana na bega. Kiegemeo cha kichwa nacho humfikia shingoni, mahali ambapo hakimkingi akigongwa kwa nyuma. Mguu unaotoka kwenye mafuta kwenda kwenye breki hupita chini ya usukani ukikwaruza goti. Katika mteremko wa Suji, kuchelewa huko kwa nukta moja si jambo dogo.

Hayo si bahati mbaya. Kila gari hubuniwa kwa vipimo vya miili ya watu fulani. Wabunifu huchukua vimo vya watu wa soko lao, huwaacha wafupi sana na warefu sana pembezoni, na kuwatengenezea waliobaki katikati. Magari mengi madogo tunayoendesha, Vitz, Passo, IST, yaliuzwa kwanza katika soko la Japani. Suzuki Carry, ambayo mitaani twaiita kirikuu, imetokana na tabaka la magari ambalo sheria ya Japani imeliwekea mipaka: tangu 1998, urefu usizidi mita 3.40, upana usizidi mita 1.48, na injini isizidi sentimita za ujazo 660. Nyuma ya kiti cha kirikuu kuna ukuta. Dereva mrefu hana hata pa kurudi. Mjapani hana kosa. Alijitengenezea gari lake kwa barabara zake, na likiisha zamu yake huko, sisi tunalinunua.

Na tunalinunuaje? Kwa picha. Mwalimu wa sekondari au muuguzi wa zahanati huchagua gari kwenye simu, hulipa, husubiri meli, na siku ya kwanza ya kuketi ndani yake ndiyo siku ya kulitoa bandarini. Mkaguzi hutazama breki, taa, matairi na moshi. Sijapata kuona fomu inayouliza iwapo binadamu aliyekusudiwa anaenea ndani.

Wapo watakaosema: anunue gari kubwa. Hilo ni jibu la mtu aliyeshiba. Ushuru wa bidhaa kwa magari ya abiria hupanda injini inapozidi sentimita za ujazo 1,000, na hupanda tena inapozidi 2,000. Halafu kuna bei ya mafuta kila wiki. Sera ya kodi humsukuma mtumishi wa kipato cha chini kuelekea gari dogo, awe mrefu au mfupi. Huku juu, kiongozi mwenye sentimita 160 huketi kiti cha nyuma cha Land Cruiser, na juu ya kichwa chake pana nafasi ya kutundika taa. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hao ndio wanaotuandikia sera.

Wengine watasema warefu ni wachache. Ni kweli, si kila Mtanzania ni Hasheem Thabeet mwenye mita 2.21. Lakini hoja haihusu warefu peke yao. Dada mfupi anayesogeza kiti hadi kifua kikakaribia usukani, ili aone juu ya boneti na afikie breki, ameonewa na kipimo kilekile. Mfuko wa hewa ukifumuka humkuta karibu mno. Usalama uliotengenezwa kwa mtu wa kati ni usalama wa mtu wa kati.

Wanaodhulumiwa zaidi ni madereva wa kuajiriwa. Mwenye gari lake aliweza walau kuchagua. Dereva wa shule, wa duka la jumla au wa mradi hukabidhiwa ufunguo na kuambiwa aende. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri alinde usalama wa mfanyakazi kazini. Kiti cha dereva ni mahali pa kazi sawa na mashine ya kiwandani. Mgongo unaopindwa saa nane kwa siku ni madhara ya kazi, na dereva anayesema "gari hili silienei" asiitwe mvivu.

Tudai nini? Kwanza, taasisi za umma zinaponunua magari, ziandike katika masharti kwamba kiti cha dereva kishuke na kupanda, na usukani urekebishike, kisha madereva wenyewe waketi ndani kabla ya mkataba kutiwa saini. Pili, shule za udereva zifundishe kuketi kabla ya kufundisha gia: ngumi ipite kati ya kichwa na paa, kifundo cha mkono kifike juu ya usukani mabega yakiwa yameegemea kiti, goti libaki limekunjika kidogo breki inapokanyagwa hadi mwisho. Asiyetimiza hayo katika gari fulani aelezwe kwamba gari hilo si lake. Tatu, mkaguzi wa barabarani aondoe mapambo yanayoning'inia mbele ya macho na kava nene za viti zinazomnyanyua dereva kuelekea paa. Hayo hayahitaji bajeti.

Wanafunzi wangu wa sera za umma wamezoea kutafuta dhuluma katika katiba na katika mikataba mikubwa. Watafute pia katika sentimita tano kati ya kichwa cha dereva na bati. Taifa linaloagiza vyombo bila kuwapima watu wake litaendelea kuwakunja watu hao ili waenee, na wakianguka bondeni litaandika katika ripoti: uzembe wa dereva.