Kitambaa changu cha "hariri" kilivyoniumbua Tandika

Wiki hii sina umbea wa mtu. Umbea ni wangu mwenyewe, na ulinikuta mchana kweupe huko Tandika, mbele ya cherehani ya watu.

Kuna mtu na mkewe nawafahamu tangu nilipomaliza kidato cha nne, nikawa nazurura mtaani nikisubiri matokeo. Majina yao nayaweka kapuni kwa ombi lao. Mke namwita Dada, mume namwita Shemeji, inatosha. Shemeji ni fundi nguo. Dada alikuwa msusi, mpaka siku alipojitazama kwenye kioo akakuta nywele za mbele zimemkimbia. Miaka nenda rudi alikuwa anasuka twende kilioni za kubana mpaka macho yanavutika, akifumua leo anasuka tena leo leo. Ngozi ya paji ikaanza kung'aa kama sahani. Yaani mtu anapendezesha vichwa vya wenzake, cha kwake anakificha hata akienda bafuni!

Biashara yao ilianzia hapo. Dada alimwomba mumewe amshonee kofia ya kulalia isiyomkwaruza. Shemeji akashona. Jirani akaiona, akataka yake. Sasa hivi chumba chao cha mbele kimejaa boneti za satini, vitambaa vya kichwa vya pamba vyenye bitana ya satini, vitambaa vya kukaushia nywele, na vibanio vinavyoshonwa kwa vipande vya khanga na vitenge ambavyo mafundi wengine wangevitupa. Hata mfuko anaokufungia mzigo wako umetokana na vipande hivyo hivyo.

Wanaume wa kijiweni walimcheka sana Shemeji. Eti fundi mzima anashona vikofia vya kina mama! Yeye huwajibu, "Mwenye nyumba hajawahi kuniuliza kama hela imetoka kwenye suruali au kwenye kofia."

Sasa sikilizeni kosa langu. Nilikutana na mama mmoja mwenye duka la vipodozi. Alikuwa anatafuta fundi wa kumshonea boneti 200, hela mkononi. Sharti lake moja tu: kila boneti iwekwe lebo inayosema "Hariri Asilia". Kitambaa chenyewe angeleta yeye, na nilipokishika nilijua ni kile kile cha bei poa. Lakini aliniahidi cha juu shilingi 500 kwa kila boneti. Piga hesabu mwenyewe. Laki moja, bila kushika sindano! Nani asiyependa hela?

Nikapanda daladala mbio mpaka Tandika, nimejifunga kitambaa changu cha hariri nilichonunua 35,000, najiona wa maana. Nikawamwagia habari njema. Shemeji macho yakamtoka, maana kodi ya miezi sita ilikuwa inaisha mwezi unaofuata. Dada akanyamaza, kisha akaniuliza taratibu:

"Mdogo wangu, hicho kitambaa umesema ni hariri?"

"Tupu, Dada."

"Nichomoe uzi mmoja?"

Nikamwambia achomoe tu, kwani ninaogopa nini? Akachomoa uzi pembeni, akaushika kwa kibano, akawasha kiberiti. Uzi ukajikunja, ukayeyuka, ukabaki kitone kigumu cheusi kama kichwa cha pini. Harufu ya plastiki ikajaa chumba kizima. Jamani, 35,000 yangu!

Halafu akafungua droo, akatoa tai kuukuu ya marehemu baba yake, akachomoa uzi akauchoma. Huo haukuyeyuka. Ulitoa harufu ya nywele zilizoungua, ukaacha majivu meusi ambayo aliyasaga kwa vidole yakawa vumbi. "Hiyo ndiyo hariri," akasema. "Inatoka kwa mdudu, ni protini kama nywele zako, ndiyo maana inanuka kama nywele. Pamba ukiichoma inanuka karatasi. Chako ni poliesta, mdogo wangu. Sasa wewe umeumia hivi, unataka mimi nikawaumize wenzio 200?"

Sikuwa na jibu. Shemeji ndiye aliyejibu, na kwa ukali. Alisema lebo si yao ni ya mwenye duka, na kwamba mwenye nyumba halipwi kwa ukweli. Dada naye akapandisha. Mimi nikaaga kimya kimya kama paka aliyeiba samaki.

Baadaye nilisikia walilala mzungu wa nne siku mbili. Siku ya tatu Shemeji mwenyewe alimpigia simu yule mama. Akamwambia boneti atashona zote 200, ila lebo itasomeka "satini ya poliesta". Mama akacheka, akakata simu. Oda ikafa, na cha juu changu kikazikwa nayo.

Msidhani baada ya hapo walishushiwa neema. Shemeji alishona sare za shule mpaka usiku wa manane, na Dada akarudi kusuka watu kwa wiki kadhaa, safari hii suka za kulegeza. Kodi ililipwa kwa kuchelewa na kwa matusi ya mwenye nyumba. Yule mama alipata fundi mwingine, na boneti zake za "Hariri Asilia" ziko dukani zinanunuliwa kama maandazi. Ndivyo dunia ilivyo.

Lakini nimejifunza mambo, na kwa kuwa niliyalipia nawapa bure.

Kwanza, satini si jina la malighafi. Ni namna ya kufuma, uzi mmoja unaruka juu ya nyuzi kadhaa kabla ya kuzama, ndiyo maana uso wake unateleza. Satini inaweza kuwa ya hariri, inaweza kuwa ya poliesta. Poliesta si dhambi. Inateleza vizuri tu na nywele hazikwaruzwi kama kwenye foronya ya pamba, ambayo pia inakunywea mafuta usiku kucha. Dhambi ni kuiita hariri na kuiuza kwa bei ya hariri.

Pili, poliesta ni plastiki, malighafi yake ni mafuta ya petroli. Haiozi, na kila ukiifua inaachia vinyuzi vidogo sana vinavyokwenda na maji. Kwa hiyo Dada anasema usinunue boneti tano ili zifanane na magauni yako. Nunua moja, itunze miaka. Kinachokufa kwanza ni mpira, na ukimrudishia anakuwekea mwingine kwa hela kidogo sana. Wateja wanarudi kwa sababu hiyo, na wengi wanarudi na shoga zao.

Tatu, ukitoka kuosha nywele usizisugue kwa taulo. Vitanzi vya taulo vinazikwangua, na nywele mbichi zinakatika upesi. Zikamue polepole kwa fulana kuukuu ya pamba. Pamba ile ile inayokuibia mafuta usiku ndiyo inayokusaidia hapo, maana inakunywa maji.

Nne, boneti au kibanio kikiacha alama kwenye paji, kinakubana. Ndiyo maana Shemeji za wenye matatizo ya mbele anazishonea kamba ya kufunga badala ya mpira, ujifunge unavyoona wewe.

Tano, na hili Dada hulisema kabla hujatoa hela: boneti haioteshi nywele. Inazuia zilizopo zisikatike, basi. Ukiona mbele kunapungua, legeza suka mapema wakati mashina bado mazima. Ukichelewa sana hazirudi, na kabla hujafika huko muone daktari wa ngozi. Kwake mwenyewe upande wa kushoto vimeota vinywele laini. Upande wa kulia hapajaota kitu, na akiulizwa na mteja anavua kitambaa anamwonyesha.

Juzi nilikwenda kuwaomba radhi. Shemeji alikuwa kwenye cherehani, Dada anakata vitambaa, wanataniana kama wachumba wa jana. Nikanunua boneti yangu 6,000. Nikageuza ndani kusoma lebo: "Satini ya poliesta. Fua kwa mikono." Shemeji akanitupia kiberiti, akasema, "Shemeji, hakikisha!"

Tulicheka mpaka majirani wakachungulia.

Tukutane wiki ijayo panapo majaaliwa. Na wewe uliyejifunga hariri ya 35,000, chomoa uzi mmoja tu.